Chujio la Kompyuta ya Jeshi

Haya alinieleza Audace, Mrundi niliyekaa naye fleti moja ugenini, mtaa wa Albert Park, mwaka tisini na nane. Siku hizo makombora yalikuwa yakianguka kwenye kilima cha kwao, na kila akipiga simu hakuna aliyejua mama yake yuko wapi.

Alifanya usafi kwenye jengo la utafiti wa silaha karibu na bandari. Mchana mmoja alitumwa kubadilisha chujio la hewa la kompyuta yao kubwa, ndefu kama kabati, katika chumba kisicho na dirisha. Hata viatu walivua mlangoni ili vumbi lisiingie. Alipoweka chujio jipya, injinia aliyeisimamia akaiwasha mashine.

"Leo inapiga hesabu ya makombora yakiangukia kilima," akasema. "Eish, usitoe macho hivyo. Ni hesabu tu, pale hakuna mtu."

Mara umeme ukakatika, injinia akatoka kuangalia. Mashine ilinyamaza. Katika giza lile, Audace akasikia mchi ukitwanga ndani ya mashine. Ukatwanga, kisha ukagonga ukingo wa kinu, vile vile mama yake alivyozoea kuwaita watoto waje kula.

"Mama! Toka hapo! Kimbia!" Akalipiga bati la mashine kwa ngumi mpaka mikono ikatoka damu.

Mchi ukanyamaza.

Taa ziliporudi, Audace alichomoa lile chujio jipya. Lilikuwa limejaa unga mweupe wa muhogo, na unga ulikuwa bado wa moto.