Ndoo Iliyoanza na Baridi

Aliyenisimulia haya ni Chitose mwenyewe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na wote tunaomjua tunajua si mtu wa porojo. Alinisimulia mara moja tu, akaniomba nisimuulize tena.

Siku ilianza vizuri. Theluji ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na treni ya kwenda Nukazawa, ile ya behewa moja na dereva peke yake, ilikuwa na abiria watatu. Chitose alikuwa amemkalisha mama yake, bibi Yae, karibu na kipasha joto. Bibi Yae alikuwa na miaka themanini na tatu. Kiharusi kilimwangusha miaka sita nyuma, kikampooza mkono wa kulia na kuiacha miguu yake baridi hata wakati wa kiangazi. Daktari alisema maji ya chemchemi ya moto yangemsaidia. Chitose alisikia "yangemsaidia" akafunga mizigo siku ileile.

"Kwenye tonge langu uliweka plamu ya chumvi?" bibi Yae aliuliza, akitafuna wali.

"Niliweka, mama."

"Mbona siioni?"

"Umeshaimeza."

Dereva alicheka kimyakimya. Chitose akaanza kumenya chenza. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda tangu alipobanwa na mlango utotoni, na kila alipomenya, ganda lilimponyoka.

"Kidole hicho," mama yake alisema, "hata nyani angekionea huruma."

Wakacheka wote wawili. Baadaye bibi akasinzia mdomo wazi, na Chitose akabaki akimtazama. Miaka sita ya kumnyanyua, kumlisha, kumbadilisha, kuamka saa nane za usiku. Mgongo ulimuuma. Wazo likamjia lenyewe, bila hodi: laiti angelala hivi hivi, asiamke. Alishtuka, akajiuma mdomo mpaka akaonja damu. Mlezi naye ni mtu, lakini aibu ilimchoma pale pale kitini.

Kwenye stesheni isiyo na mfanyakazi walipokelewa na mama Hosoya, mwenye nyumba ya kuogea, akiwa na kiti cha magurudumu.

"Leo mko peke yenu," alisema. "Theluji imewafukuza wengine. Treni ya mwisho inapita saa tisa na dakika arobaini. Ikiwaacha, mtakula kachumbari zangu mpaka kesho."

"Kachumbari zako nazijua," bibi Yae alisema. "Tutawahi."

Saa nane na nusu waliingia bafuni. Mvuke ulijaa mpaka darini. Maji ya chemchemi yalikuwa makali mno kwa ngozi ya mzee, kwa hiyo Chitose alimkalisha mama yake kwenye kigoda, akavuta ndoo ya mbao na kata yake ya kuchotea ili achanganye maji ya kummwagia kwanza. Kwa kawaida mtu hutia ya moto, kisha huyapoza. Lakini alikuwa anawaza treni, na bomba la baridi ndilo lililokuwa karibu. Akatia baridi. Akaongeza ya moto juu yake. Bibi Yae aliitazama ile ndoo, halafu akatazama pembeni.

"Taulo," Chitose alisema. "Nimelisahau nje. Usitikisike."

Akatoka. Mkono ulipogusa taulo, alisikia maji yakimwagwa. Polepole. Kata moja, kimya, kata nyingine.

Mama yake hakuwa na uwezo wa kunyanyua kata iliyojaa.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Alikumbuka mazishi ya bibi yake mzaa baba, shangazi wakiwa wamekunja mikono ya nguo. Baridi kwanza, moto juu yake. Kata hushikwa kwa mkono wa kushoto. Kuanzia miguuni kupanda juu. Hivyo huoshwa maiti, na maiti peke yake. Hata mtoto wa shule anajua.

Akasukuma mlango.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa mbele ya mama yake. Kichwa kimefungwa kitambaa. Mikono ya nguo imekazwa kwa kamba. Uso haukuonekana. Alishika kata kwa mkono wa kushoto, na tayari alikuwa amemwosha kuanzia nyayo mpaka kiunoni.

Bibi Yae alikuwa amefumba macho. Alitulia mno.

"Wewe nani?" Chitose alinong'ona.

Mwanamke hakugeuka. "Si umeniita?"

"Sijakuita."

"Tangu kwenye treni."

Chitose aliipiga ndoo teke. Maji yakamwagikia nyayo zake. Yalikuwa baridi kama barafu, wakati alikuwa ameyatia ya moto kwa mkono wake mwenyewe. Akamkamata mama yake kwapani, akamvuta.

"Kimebaki kifua tu," sauti ilisema, karibu sana na sikio lake.

Alipogeuka, kulikuwa na mvuke na kata iliyolala kifudifudi.

Saa ya ukutani ya chumba cha nje ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Alikuwa ametoka kuchukua taulo moja tu, jambo la nusu dakika. Mama Hosoya akawasaidia kuvaa bila kuona kitu.

"Una moyo, dada," alimwambia Chitose. "Karibu saa nzima nasikia unammwagia maji tu. Mimi ningechoka."

Chitose alikishika kiti cha magurudumu, akasukuma.

Waliiwahi treni. Walipopita kituo cha pili, bibi Yae alisema:

"Niliona umeanza na baridi."

"Mama. Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani umechoka." Bibi alitazama theluji dirishani. "Nikasema, miaka sita si mchezo. Kama ameamua, mwacheni mwanangu apumzike."

Chitose alilia mbele ya dereva, mbele ya abiria, bila kujificha. "Nilisahau tu, mama. Ilikuwa haraka. Sitaki uende. Sikia, sitaki."

"Basi sawa," bibi Yae alisema. "Nimenyee chenza."

Nyumbani, alipomvua nguo alale, aliona. Kuanzia nyayo hadi kiunoni ngozi ya mama yake ilikuwa laini kama ya mtoto, haina doa hata moja la uzee, na baridi, baridi isiyokubali blanketi wala chupa ya maji ya moto. Kiunoni kulikuwa na mstari. Juu ya mstari alikuwa mama yake yule yule, ana madoa, ana mikunjo, ana joto.

Juu kidogo ya mstari, kwenye ubavu, kulikuwa na alama ya kiganja cheupe cha mkono wa kushoto, mahali muoshaji alipomshika ili aendelee na kifua.

Chitose aliitazama muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake wa kushoto juu yake. Ulienea sawasawa, mpaka kwenye kidole kidogo kilichopinda.