Upana wa Karatasi

Ninyi wenye watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, sogeeni. Mimi sikusoma. Niliishia darasa la sita, na haya yenyewe nayaandika kwa kufutafuta. Lakini nimekata karatasi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha uchapaji, na karatasi naijua kuliko wanavyoijua wale wanaokaa ghorofani na kutuma amri kwa simu. Nisomeni hadi mwisho, kisha nendeni mkatazame kuta za vyumba vya watoto wenu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, nyumba imetulia. Binti yangu wa kwanza, tuliyemwita Mkubwa, alikuwa anakunja nguo. Mdogo wake, kitinda mimba wangu, Kitinda basi, alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa chumba chao, gundi hadi viwikoni, anabandika miguu ya mtu.

"Baba, hebu njoo uone. Viatu vimekaa sawa?"

"Kimoja kimekwenda upande."

"Macho yako ndiyo yamekwenda upande, mzee wangu. Vaa miwani."

Mkubwa akacheka mpaka shati likamponyoka. Nami nikacheka. Tangu mama yao atutoke, kicheko katika nyumba ile kilikuwa kitu cha kuhesabika. Mama yao alikufa akisubiri kwenye benchi la hospitali, kwa sababu aliyepaswa kutia sahihi ili apasuliwe alikuwa kikaoni. Kikao kiliisha salama. Mke wangu hakuisha salama. Hilo ni jambo jingine, lakini mlijue, ili mnielewe nikiwataja wakubwa.

Miguu ile ya karatasi ilikuwa ya mwimbaji mmoja, binti wa miaka kumi na saba, vijana wakimwita Chiriku. Mkubwa alikuwa msanifu wa kurasa katika jarida la muziki la vijana, na jarida hilo lilichapwa kwetu: yeye juu kwenye kompyuta, mimi chini kwenye mashine ya kukatia. Wazo lilikuwa lake. Chiriku atolewe kwa kimo chake halisi, vipande sita, kila mwezi kipande kimoja katika kurasa za katikati, kuanzia miguuni kwenda kichwani. Mtoto anunue matoleo sita, abandike, awe na Chiriku mzima chumbani. Kwenye kikao walimpigia makofi. Chini ya viatu wakaandika: "Huyu ndiye Chiriku, sawasawa na alivyo. Simama naye."

Kitinda wangu akasimama naye.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kisu kilipoingia. Kabla kipande cha kwanza hakijachapwa, Mkubwa alishuka chini na rula mkononi, uso umemparama.

"Baba, karatasi haiwezi kuongezwa upana?"

"Haiwezi. Kurasa mbili zikifunguliwa, hapo ndipo mwisho. Mtambo haumezi zaidi ya hapo. Kwani vipi?"

"Chiriku ameshika kiuno. Viwiko vinatoka nje. Mabega nayo yanagusa ukingo, na wewe bado hujapitisha kisu chako."

"Mpunguzeni wote basi, kimo na upana."

"Kimo kimeshatangazwa redioni."

Akapanda tena kumwuliza mkuu wa jarida. Huyu sisi wa chini tulimwita Bwana Saini, kwa sababu hakuna ukurasa uliotiwa mtamboni bila prufu yake, ile nakala ya majaribio, kusainiwa, na alisaini kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kama bango la duka. Bwana Saini aliangalia kidogo tu. Akasema, "Kimo kiache. Upana ubane. Tena atapendeza."

Mkubwa akambana Chiriku. Kwenye kompyuta ni jambo la kuvuta kidole tu: mtu anabaki mrefu vilevile, anakuwa mwembamba kama ubao wa ngazi. Prufu ikashuka na wino mwekundu. Mimi mwenyewe niliiona. Nikawaambia wenzangu, "Huyu mtoto kapitishwa kwenye mashine ya kupigia pasi." Tukacheka, nikakata, nikasahau.

Na si kukata tu. Kila mwezi, siku mbili kabla jarida halijaingia madukani, nilichukua nakala moja nikaitia ndani ya shati, bapa mgongoni, isipate mkunjo, ili Kitinda awe wa kwanza mtaani. Nikifika mlangoni, hata salamu hangoji.

"Umeleta?"

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo baba umeleta?"

Yakaja magoti. Yakaja mapaja. Kila kipande kikibandikwa, Kitinda husimama mgongo mlangoni, na dada yake huweka alama za chaki kushoto na kulia kwake, apate kujilinganisha. Siku ya mapaja aligeuka akaangalia alama zake. Zilikuwa nje kabisa ya karatasi, kwenye mbao za mlango.

"Nimemwagika," akasema.

"Nini?"

"Nimemwagika pembeni, baba. Ona."

"Wewe bado unakua, mama. Njoo ule."

Alikuja, akala. Mwezi ule alikula. Mwezi wa kiuno hakula. Nikitoka kazini namkuta ameosha sahani yake, imeinamishwa kwenye kichanja. "Nimeshakula, baba." Mkubwa naye akirudi anaambiwa hivyohivyo. Maharage yanachacha chunguni, kila mtu anadhani mwenzake ndiye hakupakua. Nyumba isiyo na mama, wenzangu, ni nyumba ambayo chungu hakina shahidi.

Nilipoona sketi inashikwa kwa pini nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu hakunipa hata kiti.

"Mzee, mwanao ana nidhamu, hachelewi. Kukonda ni mambo ya umri. Shukuru hajakuletea mimba."

Nikampeleka kwenye kituo cha afya. Mizani ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita, imefunikwa kitambaa kama maiti. Wakanipa chupa ya vidonge vya kuongeza damu, na mganga wa zamu akaandika daftarini bila kuinua kichwa. Nauliza: hao wote wanalipwa kwa kazi gani? Mtoto anayeyuka mbele yao kama sabuni kwenye maji, na kila mmoja anampasia mwenziwe.

Kipande cha tano, cha kifua, ndicho alichobandika kwa mkono wake mara ya mwisho. Wiki iliyofuata alianguka kwenye mstari wa asubuhi, shuleni.

Hospitalini tulipata daktari kijana, mwanamke. Yeye pekee ndiye aliyemwangalia. Akanivuta kando.

"Baba, mwanao ana njaa."

"Njaa? Nyumbani kwangu? Daktari, mimi ni maskini lakini chakula kipo!"

"Najua kipo. Hakili. Na moyo wake umechoka. Ungeniletea mapema."

Ningemletea mapema. Ningejua mlango wa kubisha, ningemletea.

Mkubwa alikwenda nyumbani kumchukulia nguo. Hakurudi hospitalini. Alikuja kiwandani, nilikokuwa nimerudi zamuni, akaketi juu ya mrundo wa karatasi ambazo hazijakatwa, chaki imemjaa vidoleni.

"Baba, zile alama mlangoni. Aliendelea kuziweka peke yake. Zipo jozi saba, kila moja ndani ya mwenzake. Ya mwisho imebakiza upana wa kidole kuifikia karatasi."

Sikuelewa upesi. Nilikuwa naendelea kupanga karatasi, mikono imezoea.

"Baba, yule si Chiriku! Kile ni kimo cha Chiriku. Upana ni wa karatasi. Kitinda anashindana na karatasi yako."

Mashine ilikuwa imewaka. Sikusikia tena kitu.

Jioni ileile Mkubwa alipiga magoti kando ya kitanda, akamweleza mdogo wake kila kitu: rula, viwiko, kidole kilivyovuta. Kitinda alimsikiliza akimtazama kwa huruma, kama yeye ndiye mgonjwa.

"Unasema hivyo ili nile."

"Nakuapia kaburi la mama."

"Usimtaje mama. Dada, nimekaribia. Bado kidogo tu."

Ndipo Mkubwa akamtafuta Chiriku mwenyewe. Nilidhani hatakuja, watu wakishapata jina, milango yao huota miiba. Alikuja. Kandambili, kitambaa kichwani, mfuko wa machungwa mkononi. Binti mzuri, mashavu ya kujaa, mikono minene ya mtu anayesaidia kazi nyumbani kwao, kiuno kama cha binti yeyote aliyekula akashiba. Akaketi kitandani na kitanda kikalia. Akacheka.

"Unaona? Hata kitanda kinanijua. Mdogo wangu, mimi hata nguo ya kwenye picha ile ilinibana, ikashikwa kwa vibanio mgongoni."

Kitinda alimwangalia muda mrefu. Usoni. Mikononi. Kiunoni.

"Sura ni yake," akasema, akageukia kwangu. "Lakini baba, huyu siye. Mmeniletea mwingine."

Chiriku akaanza kuimba polepole, ule wimbo wake wanaouimba vijana wote, apate kumwonyesha kuwa ni yeye. Sauti ilikuwa ileile. Wagonjwa wa vitanda vingine waliinua vichwa. Kitinda alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka pembeni, kisha akasema, "Mwambieni Chiriku mwenyewe kwamba nilimpenda," akageukia ukutani.

Binti wa watu alitoka akilia kama aliyefukuzwa kwao. Machungwa yalibaki kwenye kabati la pembeni. Siku nne baadaye moyo wa mwanangu uliacha kufanya kazi, asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu. Alikuwa na miaka kumi na minne na miezi mitano.

Sitaeleza mazishi. Aliyezika mtoto anajua, asiyezika asijue.

Mkubwa aliacha kazi bila barua. Mimi nilirudi, mtu wa chini akikaa nyumbani nani atamlisha? Nilichukua prufu ile ya zamani, yenye wino mwekundu, nikapanda ghorofani kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Bwana Saini alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mzee. Sote tumeumia."

"Hii ni saini yako?"

Akaiangalia. "Ni yangu. Lakini mzee, mimi nasaini prufu hamsini kwa mwezi. Na vijana hununua wanavyotamani kuwa, hawanunui walivyo. Hata nikitoka mimi, atakuja mwingine afanye vilevile."

"Wangu hatakuja mwingine."

Akainama. Akasema watatoa ukurasa wa rambirambi katika toleo lijalo, ukurasa mzima, bure. Wamepata picha ya Kitinda shuleni. Nikashuka chini. Nadhani aliona ametenda wema.

Toleo lilikuja. Mrundo ukafika mezani kwangu kama kawaida, nikausawazisha kwa viganja, nikauingiza chini ya kisu. Ukurasa wa juu ulikuwa yeye. Naijua picha ile. Ilipigwa mwaka mmoja kabla, mashavu yamejaa, kidevu kina kishimo, mkono mmoja umeshika beji. Mashavu hayakuwepo. Kishimo kilikuwa kimesawazishwa. Shingo imerefushwa, rangi imeng'arishwa. Kijana mpya wa ghorofani, aliyeshika nafasi ya Mkubwa, hakuwa na ubaya wowote. Aliipitisha tu picha ya marehemu palepale wanapopitishia wote. Na pembeni, wino mwekundu.

Walimpunguza hata baada ya kufa.

Nilizima mashine.

"Vipi, kisu kimekwama?" msimamizi akaniuliza.

"Hakijakwama."

"Sasa?"

"Huyu sikati."

"Mzee, gari la kupeleka madukani linangoja nje."

"Lingoje. Nimewakatia watoto wa wenzangu miaka yote hii. Wangu sikati."

Nikachukua karatasi moja ya juu, nikavua aproni, nikatoka. Mrundo ulikatwa na mwingine. Najua. Siku ileile ulikuwa madukani.

FUNZO

Wenzangu, mtoto hali chakula tu, hula na anachokitazama. Ukiona ameosha sahani yake mapema mno, usimsifu kwa usafi. Keti, mle pamoja, sahani moja ikibidi. Mimi niliyabeba mapicha yale mgongoni kwangu mwenyewe, nikayaingiza nyumbani nikidhani naleta furaha. Kosa langu nalikiri, na nitalikiri mbele ya mama yake siku tutakapokutana.

Lakini ninyi mnaotia saini, ninyi wa shuleni mnaohesabu nidhamu, ninyi wa mizani mbovu, kosa lenu mtalikiri wapi? Kabla hujaandika "sawasawa na alivyo," shuka chini ukaulize wenye rula. Picha inayomdanganya mtu mzima humpotezea muda. Ikimdanganya mtoto, humla.

Mlango ule sijaung'oa. Miguu ipo, magoti yapo, kiuno na kifua vipo. Kichwa hakuna; kipande cha sita kilitoka wiki tuliyozika. Pembeni mwa karatasi, alama za chaki bado zinaonekana, na Mkubwa akifagia hupita mbali nazo. Jozi ya kwanza, ile ya nje kabisa, ndiyo ninayoigusa asubuhi nikitoka. Upana ule ndio uliokuwa wa mwanangu.