Boti Niliyoifuata kwa Barabara

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Rumonge, na kazi yangu ni kuuza mawese. Wasomaji wenzangu, sijakaa kuandika ili munionee huruma. Huruma nimepewa ya kutosha na haijanisaidia kitu. Naandika kwa sababu nina hasira! Hasira mpaka kuna asubuhi natia chumvi kwenye chai, nainywa hivyo hivyo, sisikii.

Mume wangu nitamwita Baba Hawa, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa mvuvi wa kuajiriwa. Maisha yake yote alivua ndagala, dagaa wa ziwani, katika vyombo vya watu, na kila akirudi asubuhi wimbo ulikuwa mmoja. "Mama Hawa, siku nikiwa na boti yangu... utaniona mimi ni nani!" Niliusikia wimbo huo tangu nikiwa bibi arusi. Niliusikia mpaka na mimi nikawa nauimba sokoni.

Baba yangu alipofariki aliniachia shamba la michikichi kule Kizuka. Ndugu zangu waliniambia, dada, shamba hilo usiliguse. Lakini mimi niliangalia hali ilivyo. Barabara ya Bujumbura imeliwa na ziwa upande mmoja na mlima upande mwingine. Magari yanakaa wiki nzima yakisubiri esansi, petroli haipatikani. Nikajiambia, mwenye boti nzuri ya moteri atabeba watu na mizigo, na bidoni moja la esansi, dumu lile la njano, litamfikisha mbali kuliko gari lolote. Basi nikauza. Shamba lote! Sikubakiza hata mti mmoja wa kukaa chini yake.

Boti tuliipata Bujumbura, kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka. Jamani, kuna watu wanaojua kutunza vitu! Boti nyeupe, mstari wa buluu ubavuni, usukani kama wa gari, benchi la mbele la kukaa watu wawili na mengine nyuma. Moteri ameifunika blanketi kama mtoto mgonjwa. Aliniambia kila alipotoka ziwani aliiosha kwa maji safi, akaikausha kwa kitambaa, akaifunika turubai. Niliingiza mkono chini ya mabenchi nikatafuta kutu, nikatafuta ufa, nikatafuta maji yaliyolala. Hakuna! Nilitoka na mkono mkavu.

Mzee akanionyesha kamba nyekundu fupi karibu na ufunguo. "Mama, hii dereva anafunga mukononi," alisema. "Ikichomoka tu, moteri inazimika, na haiwaki mpaka uirudishe." Baba Hawa wakati huo alikuwa pembeni na simu sikioni. Anatafuta esansi, alisema. Alirudi, mzee akamrudia maneno yale yale, halafu simu ikalia tena, akaenda tena pembeni. Siku ile aliongea na simu kupita kiasi... na mimi nilimwangalia nikasema moyoni, mume wangu huyu ni mchapakazi!

Sasa nieleze mila yetu, maana ndiyo iliyonikaanga. Kwetu mwaloni, yaani ufukweni vinapofikia vyombo, chombo kipya kikija mara ya kwanza, mwanamke haketi ndani. Ni mkosi, wanasema. Kinaletwa na wanaume mpaka kiguse mchanga. Hapo shefu, mkuu wa mwalo, anaingia majini, anashika ubavu wa chombo na kuuliza kwa sauti kubwa, watu wote wasikie: "Iko ya nani?" Anayejibu kutoka ndani ndiye mwenyewe. Karatasi mutaenda kuzifanya baadaye, lakini jina litakaloandikwa ni lile lililojibiwa mbele ya watu. Hata wenye mitumbwi ya kurithi wanakumbushana, yule baba yake alijibu mwaka fulani.

Tulikubaliana Baba Hawa atajibu, "Iko ya Mama Hawa." Yeye mwenyewe aliniahidi, kiganja juu ya kichwa cha mtoto wetu wa mwisho!

Asubuhi ya safari mama mkwe wangu alinipigia simu. Mama huyu nimemwogesha kwa mikono yangu alipougua mgongo. Akaniambia kwa sauti tamu, "Mwanangu, usipande, usituletee mukosi kwa kitu kipya. Lala huko Bujumbura kwa shangazi yako, Buyenzi, kesho uje pole pole." Baba Hawa naye akaitikia, ndiyo, lala, umechoka bibi yangu. Bibi yangu! Nikayeyuka. Yule mzee aliniuliza, "Na wewe mwenyewe hupandi?" Nikamwambia ni mila. Akamwangalia mume wangu, akaniangalia mimi, akaenda kukunja turubai lake.

Boti ikanguruma, ikaondoka. Nilisimama ufukweni nikilia kwa furaha mpaka nikaona aibu.

Lakini nani angeweza kulala siku kama ile? Mimi sikuweza. Nikasema nitamfumania kwa furaha, nifike na yeye anafika. Nikapata nafasi kwenye kamioneti iliyokuwa ikirudi Rumonge, nikakaa juu ya magunia ya mihogo. Simu nilizima kwa makusudi, nisije nikaropoka nikaharibu furaha yangu mwenyewe.

Munaijua barabara ile, inakwenda na ziwa bega kwa bega. Karibu na Gitaza niliiona boti yangu! Imeegeshwa pale wanapoanika ndagala. Moyo ukashtuka, nikadhani moteri imemsumbua. Tulipopanda kilima kidogo nikageuka, nikaiona inatoka tena, inakata maji vizuri, na mbele, kwenye benchi la usukani, kuna kitu cha njano.

Nikasema, alhamdulillahi, amepata bidoni la esansi.

Nasema tena ili munielewe hasira yangu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya kitu kile cha njano! Nilivua kitenge cha begani nikakipunga, nikapiga kelele, "Baba Hawa! Baba Hawa wee!" mpaka dereva wa kamioneti akacheka. Hakunisikia. Ziwa ni pana na moteri ilikuwa inaunguruma. Pale Minago barabara ilikuwa mbaya, tukashuka tukasukuma, nikachafuka tope mpaka magotini, na boti ikatuacha.

Nilipofika mwaloni Rumonge nilisikia dufu kwa mbali. Watu wamejaa! Nikasema, kumbe mama mkwe ameandaa, Mungu ambariki. Vigelegele vinapigwa. Nami nikatupa kiganja mdomoni, nikapiga changu, kirefu, kwa nguvu zangu zote. Wanawake waliokuwa nyuma wakageuka kuniona. Mmoja akainamisha uso.

Nikapenya. Boti yangu imegusa mchanga, shefu wa mwalo yuko majini, mkono ubavuni. Na kwenye benchi la mbele, bega kwa bega na mume wangu, amekaa msichana aliyevaa kitenge cha njano kuanzia kichwani mpaka miguuni, hina mikononi, macho chini. Bidoni langu la esansi!

"Iko ya nani?" shefu akauliza.

"Iko yangu," Baba Hawa akajibu, kifua mbele. "Yangu na huyu bibi yangu mupya."

Mama mkwe wangu, aliyeniogopesha na mkosi, ndiye aliyekuwa anamnyooshea yule msichana mkono ashuke, anamwita mwanangu! Mila ilikuwa yangu peke yangu? Mkosi unachagua makalio ya kukalia? Kwa miezi mingapi walikaa jikoni kwangu, wanakula ugali wangu, wanapanga siku ya kunilaza Buyenzi? Sijui, na sitaki tena kujua.

Kitu gani kilinisukuma sijui. Sikulia. Niliingia majini na viatu, na tope langu la Minago, nikashika ukingo, nikapanda. Boti ikayumba, bibi arusi akapiga ukelele akarukia majini. Nikamfikia Baba Hawa. Alikuwa ameivua ile kamba nyekundu mkononi na kuiacha ikining'inia. Nikaichomoa, nikaitia kifuani, ndani kabisa. Halafu nikakaa kwenye benchi la mbele, mahali palepale palipokuwa pa njano.

"Wewe mwanamuke, shuka! Unanitia haya mbele ya watu!" akanong'ona kwa meno.

"Shuka wewe!" nilimjibu, na sikunong'ona.

Mama mkwe akaanza kupiga mayowe, mukosi, mukosi, ametuletea mukosi! Nikasimama nikamwambia mbele ya mwalo mzima: "Mama, mukosi ulipanda Gitaza! Na muliupigia dufu!"

Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Shefu wa mwalo akasema mila ni mila, neno limeshajibiwa, mama tafadhali shuka tuongee nyumbani. Nyumbani kwa nani? Nikamwambia sishuki. Watakaotaka kunitoa waniburute, na wanawake hawa wote watakuwa mashahidi. Dufu likanyamaza. Wanaume wakawa wanatazamana, hakuna aliyetaka kumgusa mke wa mtu.

Tulikaa hivyo mpaka jua likaanza kuuma. Kisha yule mmoja aliyeinamisha uso, mwanika ndagala anayeitwa Mama Riziki, mdomo wake unajulikana mwalo mzima, akaingia majini na beseni lake. Akalitua ndani ya boti yangu, pwaa! Akapanda, akakaa. "Si bibi arusi amekaa humu?" akasema. "Basi leo kukaa ni halali. Miguu imeniuma." Akafuata mwingine. Akafuata mwingine na mtoto mgongoni. Wengine walikuja kwa kunipenda, wengine kwa kutaka tu kuona mwisho, sijali. Boti ilijaa ndagala na wanawake ikakaa mchangani, hakuna wa kuisukuma.

Shefu akajikuna kichwa. Akamgeukia Baba Hawa, akamwuliza kitu kimoja tu: wewe uliuza nini ukanunua hii? Mume wangu akafungua mdomo. Akaangalia ziwa, akaangalia mama yake. Hakupata hata uongo. Hapo shefu akarudi majini, akashika ubavu upya.

"Iko ya nani?"

"Iko yangu!" nilipaaza sauti mpaka ikapasuka. "Hapa munapoona ni shamba la baba yangu!" Na hapo ndipo nililia, jamani... nililia juu ya usukani kama mtoto.

Munadhani nilishinda? Talaka ililetwa na mjomba wake kabla wiki haijaisha. Mama mkwe alihama na kikombe nilichomnunulia. Mtoto wangu wa mwisho, yule aliyewekewa kiganja kichwani, bado ananiuliza baba analala wapi. Na wanaume wa mwaloni walikataa kazi kwenye boti yangu, wanaiita boti ya kanga, boti ya wanawake. Nikajifunza kuiendesha mwenyewe. Nabeba wanawake na mawese yao, mihogo yao, ndagala zao, kutoka Rumonge mpaka Minago mpaka Gitaza. Kila jioni naiosha kwa maji safi, naikausha, naifunika moteri blanketi. Kamba nyekundu nalala nayo chini ya mto.

Dada zangu munaosoma, sisemi musiwape waume zenu moyo. Wapeni mukitaka! Lakini kitu ulichouzia urithi wako usikubali kukifuata kwa barabara ukipunga kitenge. Panda. Wakikwambia mila, uliza mila hiyo inamfunga nani mwingine. Wakikwambia umechoka, lala, uje kesho, usilale. Nakuombeni kwa jina la Mungu, jibuni kwa midomo yenu wenyewe.

Yule msichana wa Gitaza naye nilimwona majuzi. Baba Hawa amevuka kwenda Kongo kutafuta kazi, hajarudi. Msichana alikuwa amesimama ufukweni na beseni la ndagala, tumbo mbele, anataka kwenda Rumonge. Kitenge ni kile kile, kimepauka. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba walimwapia mimi nimeridhia, na boti ni ya mume. Nilimpokea beseni nikaliweka ndani, maana njia ni ndefu na jua lilikuwa kali. Alilipa nauli kama wengine, akashika ukingo, akainua mguu kuelekea benchi la mbele.

"Nyuma," nilimwambia. "Hapa pana mwenyewe."