Mwanga Ndani ya Ukuta

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa maneno yake mengi, alipitia kwenye nyumba yao mpya. Mama yake alikuwa fundi mwashi, na safari hii alikuwa anajijengea mwenyewe. Kuta nene za matofali ya saruji yenye matundu, paa lililojitokeza kuzuia jua, madirisha yaliyotazamana ili upepo upite.

"Feni tutaisahau," Mama alijigamba.

Jumamosi moja zege lilikuwa limwagwe ndani ya matundu yenye nondo za chuma, ili ukuta na msingi vishikane. Chiriku alipewa kazi ya kuondoa saruji iliyodondokea chini ya kila tundu, kupitia kidirisha kilichoachwa kwenye tofali la chini.

"Umemaliza yote?"

"Yote, Mama."

Kumbe tundu la pembeni alilikwepa, maana wenzake walikuwa wakimwita kuruka kamba.

Vibarua walipoanza kukoroga zege, alichukua kioo cha Bibi, mama wa Mama yake, aliyekuja kutazama ujenzi, akapanda jukwaani na kurusha jua ndani ya tundu. Akabaki mdomo wazi. Nondo ilishuka wima gizani mpaka msingini. Nyumba nzima ingeshikwa na kitu ambacho hakuna mgeni angekiona! Akamulika la pili, la tatu. Ajabu ile ile. La pembeni, mwanga uligota kwenye bonge la saruji. Na chini ya pembe hiyo ndipo kitanda cha Bibi kingewekwa.

Ndoo ya kwanza ilikuwa inapanda. Akinyamaza, zege lingefunika uvivu wake milele.

"Mama, subirini! La pembeni sikulisafisha. Nilikudanganya."

Vibarua waliguna. Bibi akaanza, "Usipoziba ufa..."

"Mama, ukuta wenyewe hata haujaisha," Mama wa Chiriku alimkatiza Bibi, akampa binti yake nyundo na patasi.

Chiriku alilala kifudifudi, akachokonoa mpaka mikono ikamuuma. Mama alimulika, akaona msingi. "Mwageni!"

Walipohamia, mchana mmoja wa jua kali, Bibi alikuwa akikoroma bila feni. Chiriku aligusa ukuta wa pembeni. Ulikuwa wa baridi. Alisikia raha iliyochanganyika na hofu, akiwaza ingekuwaje kama angenyamaza siku ile.

"Bibi yako analala hapa nami sina wasiwasi," Mama alisema kwa sauti ya chini, "kwa sababu ulisema ukweli. Kazi isiyoonekana ndiyo ya kufanya vizuri zaidi, mwanangu. Na kosa lisemwe kabla zege halijamwagwa."