Rispah Aishonea Dunia Nguo

Saa mbili asubuhi, cherehani ya Rispah huwa tayari inalia. Duka lake liko Kiminini, karibu na stendi. Hushona sketi na suruali za shule. Msimu wa mvua hutengeneza pia miavuli iliyochanika, na kwa mvua ya Kiminini, kazi hiyo haiishi.

Alasiri Rispah hufunga duka na kwenda darasani. Ndiyo, darasani! Ana wajukuu, na mwaka jana ndipo alipojua kusoma. Yeye na akina mama wenzake husomea katika chumba kimoja nyuma ya soko. Wapita njia huwacheka. Wacheke tu! Mama aliyesoma kwa macho yake mwenyewe maandishi ya chupa ya dawa ya mtoto hana haja na kicheko cha mtu.

Siku moja Mzee Barasa, mwenyekiti wa soko, aliingia darasani bila hodi.

"Hiki chumba nataka kuweka mahindi," alisema. "Nyinyi mnasoma nini hapa? Ati a, e, i, o, u mpaka lini?"

"Mpaka tuweze kusoma sheria za soko, Mzee," alijibu Wacuka, muuza viazi. Mdomo wa Wacuka hauna breki.

Akina mama walicheka. Barasa hakucheka.

"Sawa. Kuna siku ya elimu Kitale mwezi ujao. Leteni kitu. Mkinionyesha jambo moja tu ambalo mimi sijui, chumba ni chenu. Mkishindwa, naleta magunia."

Kiminini hapakuwa na chumba kingine cha bure. Bila chumba, darasa lingekufa. Rispah alitazama ukutani. Palikuwa na ramani kubwa ya dunia, ya karatasi.

"Tutakushonea dunia," alisema. "Dunia nzima, mviringo, ya kitambaa."

Neno likishatoka halirudi.

Nyumbani, mumewe Khisa alikuwa akisuka matenga ya kuku. Rispah alimweleza.

"Baba Wafula, nisukie tenga la mviringo kama mpira. Liwe kubwa kuliko pipa la maji."

"Hiyo ni dunia ama ni nyumba ya kuku?"

"Suka bana, wacha maneno."

Khisa alisuka. Lilikuwa tenga zuri, la mviringo kabisa. Rispah alipima kiuno chake kwa tepu. Kisha akaleta nyumbani ile ramani ya ukutani kutoka darasani, akaichora kwenye kitambaa cha buluu, akiikuza mpaka urefu wake ukalingana na kiuno cha tenga. Nchi akazishona kwa vitambaa vya rangi. Afrika aliipa nyekundu. Kisiwa cha Grinlandi, kilicho juu kabisa kwenye barafu, alikipa kijani.

Halafu akalivisha tenga. Lo! Katikati nguo ilikaa vizuri. Lakini juu na chini ilijikunja na kufura kama gunia lililofungwa mdomo. Urusi ilikunjamana. Kanada ilipotea ndani ya mikunjo.

"Tenga lako ni baya!" Rispah alifoka. "Katikati nene, juu jembamba!"

"Si umesema mpira? Wewe ulishaona mpira wenye mabega?" alijibu Khisa. "Kata hiyo ya juu. Nani wa huku anaenda Grinlandi?"

Rispah alikata mikunjo. Nusu ya Kanada ikaanguka sakafuni. Akakaa chini akashika kichwa. Alikuwa amewaahidi wenzake. Sasa aliona magunia ya Barasa yakiingia, na machozi yakamtoka.

Wakati huo jirani yao alipiga hodi. Alikuwa Vivian Jepkemboi, soroveya, mpima mashamba anayefanya kazi Kitale. Alikuja kuchukua sketi yake.

"Mama Wafula, kwani kuna msiba?"

"Dunia imenishinda. Huyu mzee amesuka vibaya, na mimi nimekata vibaya."

Vivian alizunguka tenga. Akatazama kitambaa na ile ramani ya karatasi. Akaanza kutabasamu.

"Hakuna mwenye makosa hapa. Ile ramani ya ukutani ndiyo imevutwa."

"Imevutwa na nani?"

"Na aliyeichora, na alikuwa na sababu. Ngoja."

Alikwenda kwake akarudi na tufe, yaani mpira mdogo wenye ramani ya dunia.

"Tazama hii mistari inayotoka chini kwenda juu. Huku juu inafanya nini?"

"Inakutana," alisema Rispah.

"Na kwa ramani ya ukutani?"

Rispah alifikiri. "Haikutani. Imesimama mbalimbali kama nguzo za ua."

"Sasa ndiyo hiyo. Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Kuilaza dunia kwenye karatasi, lazima uvute mahali au ukate mahali. Hapa walivuta. Sisi tuko karibu na ikweta, ule mstari wa katikati, kwa hivyo hatujavutwa sana. Ukienda mbali na katikati, nchi zinavimba. Juu kabisa zimevimba kupita kiasi."

"Kumbe ni uongo!" alisema Khisa.

"Si uongo, Baba Wafula. Ilichorwa kwa ajili ya mabaharia. Nahodha akichora mstari ulionyooka, anapata uelekeo mmoja wa kushika mpaka afike. Kwa njia ni nzuri. Kwa kulinganisha ukubwa, itakupoteza. Kuna ramani nyingine zinazolinda ukubwa, lakini hizo nazo zinaharibu maumbo. Karatasi haiwezi kushika yote."

Rispah aliinuka. Alichukua mwavuli wa mteja, akaufungua pale pale ndani ya nyumba.

"Mwavuli ni mviringo," alisema polepole. "Na mimi siushoni kwa kitambaa kimoja. Naushona kwa vipande. Chini vipana, juu vyembamba."

"Haya basi!" Vivian alipiga makofi. "Watengenezaji wa tufe wanafanya hivyo hivyo."

Rispah alikata upya. Alikata vipande virefu, vipana katikati na vyembamba ncha zote mbili. Alinakili nchi kutoka tufe la Vivian, kipande kwa kipande. Wacuka na wenzake walikuja kushona pamoja naye. Walipolivisha tenga, nguo ilikaa bila kunjo hata moja. Akina mama walipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Na Afrika! Afrika nyekundu ilijaa upande mzima. Grinlandi ilikuwa kitu kidogo huko juu.

Siku ya elimu ilifika. Kitale ilijaa watu. Barasa alikuja na wenzake wa kamati.

"Mzee," Rispah alianza, akionyesha ile ramani ya ukutani waliyokuja nayo, "hapa kipi ni kikubwa, Afrika ama Grinlandi?"

"Si zinatoshana! Macho ninayo."

Rispah aligeuza tenga. Alikuwa na kipande kingine cha kijani, kilichokatwa kwa kipimo cha Grinlandi ya kwenye tenga. Akampa.

"Weka Grinlandi juu ya Afrika, Mzee."

Barasa aliweka. Nyekundu ilibaki kila upande. Akaisogeza kusini, akaisogeza kaskazini. Bado nyekundu.

"Afrika ni karibu mara kumi na nne ya Grinlandi," alisema Rispah kwa sauti. "Hata Kongo peke yake inaizidi. Ulijua?"

Watu walisubiri. Barasa alivua kofia.

"Haki ya Mungu, sikujua," alisema. "Chumba ni chenu."

Wacuka alianza wimbo, na akina mama wakacheza kulizunguka tenga. Rispah alilia tena, safari hii kwa furaha. Barasa je? Alishika kile kipande cha kijani akizunguka uwanjani, akiwaambia watu, "Mnajua Afrika ni kubwa namna gani nyinyi? Njooni niwafundishe!"

Leo tenga liko darasani. Ramani ya karatasi pia iko, haikutupwa. Chini yake Rispah ameandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: RAMANI HII NI YA NJIA. UKITAKA UKUBWA, TAZAMA TENGA.