Funguo Mbili za Depo

Katungu aliishi Vulamba, katika mji wa Butembo, pamoja na mume wake Siméon na binti yao mdogo, Bénie. Siméon aliuza viazi vilivyotoka Masereka. Kila asubuhi Katungu alishuka bondeni na bidoni yake, dumu la plastiki, kuteka maji. Maji yalikuwa machafu. Ng'ombe waliyakanyaga, na mvua iliyajaza matope. Lakini wanawake wa mtaa hawakuwa na mahali pengine pa kuteka.

Ilikuwa miaka ya vita. Waasi walitawala mji, na askari wao walipita mitaani na bunduki. Mtu akiibiwa, hakujua ashitaki kwa nani.

Shirika moja la msaada lilileta simenti na mabomba, ili chemchemi ya mtaa itengenezwe. Kiongozi wa mtaa, Shefu Phinées, aliunda komite ya kusimamia kazi. Aliwachagua wanaume tu, na Siméon alikuwa mmoja wao. Vitu viliwekwa nyumbani kwa shefu. Mafundi walianza kazi, kisha wakaacha. Shefu alisema simenti imekwisha.

Haukupita muda mrefu, Bénie akaanza kuharisha. Katungu alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Muuguzi, Mama Rébecca, alimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Akauliza, "Munakunywaka mayi ya wapi?"

"Ya kule chini," alisema Katungu. "Chemchemi haiyaisha. Shefu anasema simenti haiko tena."

"Na komite inasema nini?"

"Sisi banamama hatuko mu komite."

"Nani anatekaka mayi mu Vulamba?"

"Ni sisi."

"Basi mwenye kuteka haulizwe kitu, na mwenye hateke ndiye anachunga simenti," alisema Rébecca. "Mwizi anapenda sana mupango ya vile. Anajua hakuna mutu atamuuliza swali."

Katungu alirudi nyumbani. Akamlaza mtoto, akaanza kufagia. Sakafu yao ilikuwa mpya, ngumu na laini. Akaacha kufagia. Siméon alikuwa anakula.

"Baba Bénie, simenti ya hii nyumba ulitoa wapi?"

Siméon aliweka sahani chini. "Shefu alitupatia. Kila mutu wa komite alipata yake. Ingine ilienda kwa komanda wa askari."

"Na wewe ulikubali?"

"Ningekatala namna gani? Ni vita, Mama Bénie. Ukisema mingi, askari banakuya."

Katungu alimtazama mtoto aliyelala. Hakupandisha sauti. "Mutoto wetu anateseka juu ya mayi," alisema, "na sisi tunatembea juu ya chemchemi yake."

Siméon hakumaliza chakula.

Katungu na wanawake wenzake walipotaka kumwuliza shefu, Rébecca aliwashauri wasiende kwake mmoja mmoja. Waende pamoja, mahali pa wazi. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, walisimama katika uwanja wa parokia wakati shefu alipofanya mkutano. Katungu alitangulia kusema.

"Shefu, tunaomba kujua simenti ilienda wapi."

Phinées alicheka. "Mambo ya simenti ni ya banaume. Nyinyi muende mupike. Ao kuko mutu aliona mwizi? Asimame."

Kisha Siméon akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Simenti ya chemchemi iko mu nyumba yangu. Nitauzisha mbuzi zangu, nirudishe."

Mwenzake wa komite, Edmond, akasimama pia. "Na mu yangu iko," alisema.

Phinées aliwatazama watu. Wote walimtazama yeye. Angeweza kumtisha mtu mmoja, lakini si parokia nzima. Akaketi.

Siku hiyohiyo watu wa mtaa walichagua komite mpya, nusu wanawake na nusu wanaume. Katungu aliingia, pamoja na jirani yake Vagheni. Edmond alibaki, kwa sababu alisema ukweli; Siméon alimwachia mke wake nafasi. Vitu vilivyobaki, pamoja na simenti ambayo Siméon na Edmond walinunua kurudisha, vilihamishwa kwenye depo, ghala la kituo cha afya. Mlango ulifungwa kwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja alipewa Katungu, wa pili Edmond. Kila Jumapili walieleza mbele ya watu nini kimeingia na nini kimetoka.

"Sasa wizi imeisha," alisema Katungu. "Tuko na banamama ndani."

Rébecca alitikisa kichwa. "Mwanamuke naye anaweza kuiba. Roho yetu haiko safi kupita ya banaume. Zamani tulikuwa inje, na mwenye iko inje hawezi kuuliza. Sasa bote tuko ndani, tunachungana."

Na kweli, Vagheni aliomba bomba moja kwa ajili ya kaka yake. Edmond alikataa. Vagheni alinuna, lakini baadaye akaomba msamaha.

Jambo gumu zaidi lilikuja na askari mmoja. Alisimama mlangoni kwa Katungu, akasema komanda anataka simenti. Katungu aliogopa sana.

"Afande, ufunguo moja iko kwa Edmond," alisema polepole. "Na hatufungue bila kuambia batu. Mukuye siku ya Mungu, muombe mbele ya bote."

Askari alikwenda kuzitazama zile kufuli mbili, kisha akaondoka. Jumapili hakuna aliyekuja kuomba.

Mafundi walirudi, na chemchemi ikamalizika. Maji safi yalitoka kwenye mabomba. Bénie alipona, na Rébecca aliona watoto wanaoharisha wakipungua.

Mke wa shefu, Sophie, aliona haya kwa muda mrefu. Alituma watu wengine kumtekea. Asubuhi moja akaja mwenyewe na bidoni yake. Wanawake wakageuka kumtazama. Katungu alisogeza bidoni yake pembeni.

"Karibu, mama. Mayi ni ya bote."

Sophie alijaza maji. Kabla ya kuondoka aliuliza kwa sauti ndogo, "Mukichagua tena komite, na mimi naweza kusimama?"

"Unaweza," alisema Katungu. "Lakini tutakuuliza maulizo."

"Muniulize."

Katungu akainama, akamsaidia kuweka bidoni mgongoni.