Wimbo wa Bertilla Ulipopigwa Praha

— Geuza huko, Mwalimu! Hao wanatangaza mambo ya pamba. Sisi Ufipa pamba tunalima wapi?

— Subiri, Bertilla. Ulaya haipatikani kwa papara.

Mwalimu Isakwisa alizungusha kitufe cha redio taratibu. Betri alizianika juani tangu watu walipotoka misa. Alikuwa mtu wa Mbeya, akifundisha shule ya kijiji chao cha ujamaa, na tangu Pasaka alikuwa ameleta posa. Bertilla alimjibu neno moja tu: ngoja mpaka Jumapili ya redio.

Ndiyo hiyo, Julai ya mwaka 1973. Gaudensi, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisani, alikuwa na miaka mitatu Praha akisomea muziki. Barua yake ya Kwaresima ilikaa ndani ya kitabu cha sala cha Bertilla:

"Mpenzi wangu, mwezi wa saba nitapiga piano na okestra, na redio yao itarusha. Mwisho nitapiga peke yangu wimbo wako wa kupura ulezi. Ukiusikia, jua nakuja kukuoa. Niombee cheti changu cha ubatizo kwa Padri Fransisko, unitumie, nianze kuandaa ndoa yetu."

— Miaka mitatu barua tu, alisema mama yake, Kristiana, akipepeta maharage. Mwenzio kakaa hapo, anakushikia redio umsikilize mwanamume mwingine. Huoni hata haya?

— Mama, leo nitajua.

Redio ikakoroma, kisha ikatulia. Fidla nyingi zikaingia kwa pamoja, kama upepo unaolaza nyasi za uwanda.

— Huo wa Wacheki, alisema Isakwisa. Wanausifia mto wao.

Kisha ukaja wimbo wa mapenzi, wa zamani. Piano ikaanza chini chini, okestra ikaifuata, ikaifunika, piano ikachomoza tena. Bertilla alishika rozari bila kusali. Vidole vile alivifahamu. Ndivyo vilivyokuwa vikichelewa kidogo kwenye kinanda kila alipopita kwenda komunyo.

Makofi. Kimya. Halafu piano peke yake: tu-tu, tu... tu-tu, tu...

— Mama! Wimbo wangu! Msikie, ndio wenyewe!

Mama Kristiana aliacha ungo. Wimbo ule Bertilla aliutunga mwenyewe uwanjani, fimbo mkononi. Sasa Wazungu waliupigia makofi. Mtangazaji akasema maneno mengi ya Kiingereza, na Isakwisa akainamisha kichwa.

— Kasemaje?

— Kasema... kapiga vizuri.

— Hayo yote ni kapiga vizuri? Mwalimu, mbona huniangalii?

— Tuzime, betri zinaisha.

— Kasemaje?

Isakwisa aliiweka redio chini.

— Kasema wimbo kautunga Gaudensi mwenyewe. Ni zawadi kwa mke wake, yuko hapo ukumbini. Wamefunga ndoa kanisani mwezi uliopita.

— Mwongo! Unasema hivyo kwa sababu unanitaka!

— Nakutaka, ndiyo. Ndiyo maana nilitaka kukuficha.

Bertilla alisimama, mkono ukienda kuizima redio. Ukaishia hewani.

— Kanisani, umesema?

— Kanisani.

Alirudi kuketi polepole.

— Mama, hakuna padri anayefungisha ndoa bila cheti cha ubatizo.

— Ndiyo, mwanangu.

— Mimi ndiye niliyekiomba. Padri akanipa kwa kuniamini. Nikatembea nacho mpaka posta ya Sumbawanga, nimekifunga kwenye kitambaa kisilowe mvua. Nikakibusu, mama! Na alijua kuwa Kiingereza mimi sijui. Alitaka nisikie wimbo tu, maneno nisiyaelewe.

Mama Kristiana alimvuta, akamlaza mapajani kama mtoto. Isakwisa akachukua redio yake.

— Bertilla, yale ya posa...

— Leo usiniulize kitu, Mwalimu. Leo nimefiwa.

— Basi. Sitauliza mpaka uniite.

Kesho yake wanawake walisimama uwanjani kuuzunguka ulezi, fimbo juu, wakimtazama Bertilla. Kila mwaka yeye ndiye mwanzishaji wa wimbo.

— Anzisha basi, dada, mikono inachoka! alisema Luciana.

— Anzisha wewe. Mimi leo nitaitikia.

Luciana hakuwa na wimbo mwingine kichwani. Akauanzisha uleule wa Bertilla. Bertilla akaitikia na wenzake, bila kukosea pigo hata moja, na machozi yakadondokea ulezi.